Shemeji Hasemi Uongo

Mazungumzo yetu ya leo ni ya fedha, hasa zile zinazosemekana huzaana zenyewe mfukoni mwa mtu, bila duka, bila shamba na bila jasho.

Nianze na jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu. Mtu atakayekuletea habari za mchezo wa piramidi kwa kawaida si tapeli. Wengi wetu tunamngojea tapeli mwenye sura ya utapeli: mgeni mtaani, maneno mengi, suti inayong'aa, begi kwapani. Huyo hatumwamini, na wenye mchezo wanajua hatumwamini, ndiyo maana hawamtumi. Anayekuja ni shemeji yako. Ni mwalimu mwenzako mnayechangia naye meza na chaki. Ni mama wa kwaya aliyelala kwenu msibani mpaka matanga yakaanuliwa. Anakaribishwa, anakunywa chai, anasubiri watoto watoke nje, halafu anatoa simu na kukusogezea usome mwenyewe: umepokea shilingi 130,000. Mwezi uliopita alitoa laki moja. Ujumbe ule haukughushiwa. Fedha zimeingia, amezitoa kwa wakala, amelipia ada ya mtoto. Shemeji hasemi uongo hata neno moja.

Kwa sababu hiyo maonyo mengi tunayoyasikia yanatupita. Tunaambiwa tujihadhari na waongo. Mtu anamtazama shemeji yake juu na chini, haoni uongo, basi anajua moyoni kwamba onyo lile lilikuwa la watu wengine. Na ukiuliza, "Je, wanalipa?" jibu la miezi ya mwanzo ni moja tu: wanalipa, tena kwa wakati, tena bila ule usumbufu wa fomu na foleni za benki. Mchezo usiolipa mwanzoni haufiki mbali, maana hauna wa kuutangaza. Malipo yale ndiyo bajeti yao ya matangazo, na yanawafaa kuliko tangazo lolote ambalo wangelilipia kwenye redio yetu hii.

Swali lenye kazi ni jingine: ile elfu thelathini iliyoongezeka imetoka wapi?

Mwenye duka la vitenge Kariakoo akikuambia leo amepata faida ya elfu thelathini, unaweza kuifuata faida hiyo hatua kwa hatua mpaka kwa mteja aliyechagua kitenge, akalipa, akaondoka nacho. Benki ikikulipa riba yako ndogo, ni kwa kuwa imemkopesha mwenzako kwa riba kubwa zaidi, naye amenunua bodaboda na anaurejesha mkopo kidogo kidogo. Kila mara yuko mtu wa nje, aliyepata kitu alichokihitaji akakilipia. Kwenye piramidi mtu wa nje hayupo. Elfu thelathini ya shemeji ilikatwa kwenye laki moja ya mtu aliyeingia baada yake, na huyo naye atalipwa na wa nyuma yake. Siku shemeji alipokuja kunywa chai kwenu, alikuja kwa sababu zamu ya kulipa ilikuwa imekufikia wewe. Huenda yeye mwenyewe hajui. Kaambiwa tu kuna fursa, akaona vibaya kuila peke yake.

Wale wa umri wangu mtaukumbuka mchezo wa DECI. Tangu mwaka 2007 hadi mwanzoni mwa 2009, ukisema Mabibo jijini Dar es Salaam, watu hawakuwa wakifikiria hosteli wala kituo cha daladala. Walifikiria ofisi ya DECI. Ikawa na matawi mikoani, na miongoni mwa waliokuwa mbele walikuwamo wachungaji. Hapakuwa na mtu aliyesema anawekeza, wala aliyetaja riba. Mtu alipanda mbegu, akangoja, akavuna. Riba inakemewa madhabahuni na msikitini pia, lakini mbegu ni baraka. Na mkulima asipovuna hailaumu mbegu. Analaumu mvua, au anajilaumu mwenyewe kwa imani haba. Aliyeibuni lugha ile alijua anazungumza na nani.

Lakini mbegu ya mahindi inalishwa na udongo na maji. Hii ililishwa na nini? Ililishwa na mbegu za wengine.

Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mchezo. Kilichonibakia akilini mwangu miaka yote hii ni hasira za wanachama, maana kwa wengi hazikuelekea kwa walioshika fedha. Zilielekea serikalini. Watu walisema wakubwa wanawaonea kijicho maskini waliopata unafuu, kwamba mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka serikali ilipotia mkono. Na wasikilizaji, kwa upande mmoja walikuwa wakisema kweli tupu. Ulikuwa unalipa mpaka siku ile. Hakuna piramidi isiyolipa mpaka siku inapoacha kulipa, na siku hiyo lazima ije, hata kama serikali ingekaa kimya na kuikunjia mikono. Tofauti ni kwamba ikisimamishwa mapema, wanaoumia ni wachache zaidi, na hao wachache hawatakuja kukushukuru.

Viongozi walifikishwa Mahakama ya Kisutu. Mashtaka yalikuwa ya aina mbili, na inafaa tuyakumbuke kwa sababu tutayarudia mbele: kuendesha mchezo wa upatu ulioharamishwa na sheria, na kupokea amana za umma bila leseni. Hukumu ilitoka mwaka 2013, faini au kifungo. Kwa aliyepanda akiba yake wiki za mwisho, hiyo ilikuwa miaka minne ya kusoma magazeti.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na michezo yao katika miaka ile ile. Kikosi maalumu kilichoundwa na serikali kuchunguza mambo haya kilitoa taarifa mwaka 2009: michezo zaidi ya 200, watu zaidi ya 148,000, hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Nami naamini wapo wengi wasiomo kwenye hesabu hiyo, walionyamaza wasije wakachekwa.

Na hili la kuchekwa ndilo linaloniudhi. Watangazaji na wahubiri tumezoea kuimaliza mada hii kwa neno moja: tamaa. Watu wana tamaa, wanataka utajiri wa haraka, acha yawakute. Sikubaliani. Mfikirie mama lishe mwenye elfu hamsini za akiba. Benki haimsikilizi, hana hati ya nyumba wala karatasi ya mshahara. Akiba akiificha chini ya godoro inaliwa na bei za vitu, na ndugu nao. Jirani yake anayemjua tangu wakiwa wasichana amevuna mara mbili, na yeye ameshuhudia kwa macho yake friji jipya likiteremshwa kwenye bajaji. Akitoa elfu hamsini zake, mnamwita mlafi? Amefuata ushahidi, na ushahidi wenyewe umetoka kwa mtu anayemwamini. Kosa ni kwamba ushahidi ule ulikuwa unajibu swali lisilo lake. Tunapomzomea, tunawafanyia wezi kazi nyingine ya bure: aliyelizwa anafunga mdomo, na mchezo unaofuata unaukuta mtaa mzima ukiwa haujasikia kitu.

Sasa nivumilieni, nitafanya hesabu redioni, jambo ambalo mhariri wangu halipendi.

Tuseme mchezo unamtaka kila mtu aingize watu sita. Sita tu, hata kwenye harusi ya mtoto wa jirani unawapata. Mwanzilishi anaingiza sita. Hao sita kila mmoja sita wake, wanakuwa 36. Hao wanaleta 216. Halafu 1,296. Halafu 7,776. Ngazi ya sita ni 46,656, ya saba ni watu 279,936. Ya nane inapita milioni moja na laki sita. Ya tisa inapita milioni kumi. Ya kumi ni watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120, wakiwamo vichanga wodini na bibi zetu wasiojua kuwasha simu. Kwa hiyo ngazi kumi zikijumlishwa, sote tumekwisha, na bado mchezo unadai watu zaidi ya milioni kumi ambao nchi haina.

Mtu atasema, "Basi mimi nitaingia mapema, nitatoka mapema." Hapo ndipo hesabu inapouma kwelikweli. Kwa sita sita, kila ngazi mpya ni kubwa kuliko zote za juu yake zikiunganishwa, mara tano. Maana yake, popote mchezo utakapokatikia, iwe ngazi ya nne au ya tisa, karibu watu watano katika kila sita wako ngazi ya chini kabisa, wametoa na hawajapata. Haijalishi wote ni werevu kiasi gani. Ukikusanya maprofesa watupu wa Mlimani ukawaingiza kwenye mchezo huo, watano katika sita watalia. Na mwanachama hana njia ya kujua yuko ngazi gani, kwa sababu daftari analo mwenye mchezo. Kila mtu, siku anayoingia, anaambiwa ndiyo kwanza tunaanza.

Ukitaka kuona jambo hili likiikamata nchi nzima, itazame Albania. Mwaka 1996 ilikuwa na watu takriban milioni tatu, imetoka katika ukomunisti miaka michache tu, benki zake dhaifu, mikopo haipatikani. Kampuni za kupokea fedha zikazuka. Moja, iliyoitwa Sude, iliongozwa na mwanamke aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha viatu. Mwanzoni zililipa asilimia chache kwa mwezi. Washindani walipoongezeka, riba zikaanza kupanda, kila mmoja akimvutia mteja kwake. Kufikia Novemba mwaka huo kampuni ya Xhaferri iliahidi kuzidisha fedha mara tatu kwa miezi mitatu. Sude ikajibu kwa mara mbili ndani ya miezi miwili. Watu wakauza nyumba. Wakulima wakaswaga ng'ombe na kondoo kwenda kuwauza, kwa wingi hata walioishi Tirana wakati huo walisimulia kwamba mji ulinuka kama machinjio. Madeni ya kampuni hizo kwa wananchi yalifika dola bilioni 1.2, karibu nusu ya pato la taifa kwa mwaka.

Januari 1997 Sude ikafilisika, zikafuata nyingine. Watu wakaingia barabarani, maghala ya silaha ya jeshi yakavunjwa, bunduki zikazagaa mikononi mwa raia. Watu wapatao 2,000 walikufa, serikali ikaanguka, na Umoja wa Mataifa ukaidhinisha kikosi cha kimataifa kikiongozwa na Italia kwenda kutuliza. Kisa chote kilianza na watu waliokuwa wanalipwa kila mwezi bila matatizo.

Kwenye kisa hicho kuna alama ambayo huku kwetu pia inaonekana, nayo watu huisoma kinyume. Ahadi ilipanda mwishoni. Mwanachama wa kawaida akisikia bonasi imeongezwa, kwamba wiki hii tu ukiingiza laki tano unapewa mara mbili, anaona kampuni imenawiri. Ukweli ni kwamba wageni wamepungua na malipo yanakaribia, kwa hiyo fedha mpya zinatafutwa kwa udi na uvumba. Baada ya bonasi huja matengenezo ya mfumo. Baada ya matengenezo unaambiwa fedha zako zipo, ila kabla ya kuzitoa ulipe kodi kwanza, au ada ya kuhakiki akaunti. Ukifika hapo, usitume hata shilingi. Kodi halali haitumwi kwa namba ya simu ya mtu ili ufunguliwe akaunti yako mwenyewe.

Michezo mingi haijitangazi uchi. Huvaa biashara. Charles Ponzi, Mwitaliano wa Boston ambaye jina lake limebakia kuwa jina la wizi huu, mwaka 1920 aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alisema ananunua kuponi za posta ng'ambo kwa bei ndogo na kuzibadilisha Marekani kwa bei kubwa. Hadithi ilikuwa na ukweli ndani yake. Tofauti ya bei ilikuwapo. Mwandishi wa mambo ya fedha aliyeitwa Clarence Barron akafanya jambo dogo ambalo hakuna aliyelifikiria: akapiga hesabu ya kuponi. Ili fedha zile zifanye kazi iliyosemwa, zingehitajika kuponi milioni 160 kwenye mzunguko. Zilizokuwapo zilikuwa kama 27,000.

Napenda sana mbinu ya Barron kwa sababu haimhitaji mtu awe na shahada. Ukiambiwa fedha zako zinafuga kuku, uliza ni kuku wangapi, wanakula chakula kiasi gani, wanauzwa soko lipi. Kila mfugaji wa hapa anajua faida ya kuku mmoja baada ya chakula, chanjo na vifo. Mtu akikuahidi asilimia sabini kwa miezi minne, muulize jirani yako mwenye banda kama amewahi kuiona. Ukiambiwa ni sarafu za kidijitali, uliza nani anazinunua na kwa fedha za nani. Ukiambiwa ulipie kujiunga halafu utalipwa kila siku kwa kutazama matangazo au kubofya picha za filamu, uliza mwenye tangazo yuko wapi. Kampuni gani ya sabuni inamlipa mtu wa Tabora shilingi elfu kadhaa kwa siku ili abofye tangazo asilolisoma? Mwezi Februari 2025 Jeshi la Polisi nchini lilikamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na mchezo wa namna hiyo uliojiita LBL. Waliojiunga walikuwa na programu kwenye simu, makundi ya WhatsApp, hata ofisi mitaani zenye mabango. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa mnunuzi.

Zipo pia biashara za kuuza bidhaa kwa kuunganisha watu, za dawa za lishe, sabuni, mafuta ya kujipaka. Hizo nazitenga kidogo, maana nyingine bidhaa zake zinanunuliwa kweli. Kipimo changu ni kile kile. Waondoe wanachama wote, ubaki na kopo la dawa peke yake juu ya meza pale Mwenge. Je, mpita njia asiyejua mpango wenu angelinunua kwa bei hiyo? Kama angelinunua, hiyo ni biashara. Kama kopo linanunuliwa na wanachama tu, tena ili wastahili kuingiza wanachama wengine, basi kopo ni risiti ya kiingilio.

Kuhusu ukubwa wa faida, nawapa kipimo kimoja. Hatifungani za serikali za muda mrefu, katika miaka ya karibuni, zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na 16 hivi. Hiyo ni kwa mwaka. Mchezo wa shemeji unalipa asilimia 30 kwa mwezi. Chukua laki moja, iache ikue kwa asilimia 30 kila mwezi bila kuigusa. Mwisho wa mwaka wa kwanza ni kama milioni mbili na laki tatu. Mwaka wa pili, milioni hamsini na nne. Mwaka wa tatu inapita bilioni moja na robo. Sasa jiulize: mtu aliyevumbua njia ya kuigeuza laki moja kuwa bilioni kwa miaka mitatu, anaitafutia nini laki yako? Si aende benki akakope, awalipe riba yao ya mwaka, abaki na utajiri wote na siri yake? Anakuja kwa mama lishe kwa sababu afisa mikopo angemuuliza maswali.

Wengine watajibu, "Lakini wamesajiliwa, cheti tumekiona." Hili limewaponza watu wengi, tena wasomi. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba jina la kampuni limeandikishwa. Namba ya mlipakodi inathibitisha kwamba TRA inawatambua. Leseni ya biashara ya halmashauri inawaruhusu kufungua mlango. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomruhusu mtu kukusanya fedha za watu akaahidi kuzirudisha na nyongeza. Kwa amana, ruhusa hutoka Benki Kuu ya Tanzania. Kwa uwekezaji wa pamoja na uuzaji wa hisa, ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Saccos zina Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kenya wana Benki Kuu yao, mamlaka ya masoko ya mitaji, na SASRA kwa upande wa saccos. Usiwaombe wenye mchezo wakuonyeshe karatasi. Karatasi wanazo nyingi, na zimewekwa fremu. Wewe wapigie simu wasimamizi, au tazama orodha kwenye tovuti zao, uulize jina hilo limo au halimo. Kumbuka shtaka la pili la DECI.

Nisieleweke vibaya kuhusu vikundi vyetu. Kina mama kumi na wawili wanaotoa elfu ishirini kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu, hao hawana ubaya wowote. Hesabu yao inafungika: kilichoingia ndicho kilichotoka, hakuna aliyeahidiwa nyongeza, na mwezi wa kumi na mbili ukiisha hakuna anayedaiwa. Hawahitaji mtu mpya ili wa zamani alipwe. Vikoba nao hukopeshana, mkopaji anaonekana, anajulikana anapokaa, na daftari linasomwa mbele ya wote. Wenye piramidi hupenda kujiita kikoba au mchezo ili wavae heshima ya kina mama hao. Mtu akikwambia kikundi chake kina wanachama elfu arobaini na hakijawahi kukaa kikao, hicho si kikoba.

Sasa nizungumze na aliye ndani tayari, maana najua mnanisikiliza, na wengine mmepunguza sauti ya redio.

Usiongeze fedha. Jaribu kutoa ulizoweka, mara moja, zote, usisubiri zifike kiwango fulani. Sitakuficha kwamba hata zikitoka, zimetoka mfukoni mwa mwenzako. Hilo utaamua mwenyewe jinsi ya kulibeba. Ila moja sikupi nafasi ya kuliamua: usimwingize mtu mwingine ili urudishe zako. Hapo ndipo mtu mwema anapovuka mstari. Mwanzoni ulimwambia dada yako kwa kuamini. Leo, baada ya kujua, ukimwambia mwingine, huna tena tofauti na yule mwenye daftari, na polisi wakija hawatamkuta yeye, kwa kawaida ameshavuka mpaka. Watakukuta wewe, ambaye jina lako ndilo lililo kwenye simu za watu wote wa mtaa.

Na kama ni ndugu yako aliyemo, usianze kwa kumwita mjinga. Ataitetea kampuni kama anavyomtetea mama yake, kwa kuwa akikubali imekufa, amekubali pia kwamba amewaumiza aliowaingiza. Kaa naye. Mwombe akueleze faida inatoka kwa nani, amtaje huyo mtu wa nje aliyelipa. Usimjibie. Muache ahangaike nalo hata wiki nzima. Halafu mwombe jambo moja dogo: atoe fedha zake zote, aone kama zinatoka. Kama kampuni ni nzima, hatapoteza kitu, atarudisha kesho yake.

Neno la mwisho ni kwa waliokwisha kupigwa. Wezi huuza orodha. Majina na namba zenu, mliozijaza wenyewe kwenye fomu za kujiunga, zitaangukia mikononi mwa watu wengine watakaowapigia baada ya miezi kadhaa wakijiita mawakili, au maofisa wa kitengo cha kurejesha fedha, au wadukuzi waliofanikiwa kuingia kwenye akaunti za matapeli. Watakuwa wanajua kiasi ulichopoteza na tarehe, na ndiyo maana utawaamini. Watakuomba ada kidogo ya kufungua jalada. Usiwape. Taarifa ya wizi hupelekwa kituo cha polisi, na kuifungua hakulipiwi kwa simu. Nenda na jumbe za miamala zikiwa hazijafutwa, namba ulizotumia fedha, jina la kundi na siku ulizolipa, na kama mlilizwa wengi mtaani, nendeni pamoja siku moja.

Kwa leo naishia hapo. Taarifa ya habari inafuata.